Michezo yetu ya utotoni, na mifupa inavyoisema

Mkono wa mtoto mchanga ukiupiga eksirei kuna sehemu utakuta haina kitu kabisa. Vidole vinaonekana, ile mifupa miwili inayotoka kwenye kiwiko inaonekana, ila pale kwenye kifundo panapokunjika kiganja ni giza tupu. Mifupa ya pale ipo ila bado ni gegedu, yaani bado laini haijawa mfupa mgumu, na gegedu eksirei haiioni. Alafu miezi inaenda, inajitokeza miwili midogo ya duara, baadae wa tatu, wa nne, taratibu mpaka inatimia minane, na ule wa mwisho ambao ni mdogo kuliko yote unakuja mtoto akiwa na miaka 9 mpaka 12 hivi. Mimi kila nikiiona ile picha naona vijiwe vya mdako vimekaa kwenye shimo.

Nafanya kazi chumba cha eksirei, miaka mingi sasa. Watu wanajua kazi yetu ni kuangalia pamevunjika wapi na kweli ndo kazi yenyewe, mgonjwa anakuja na maumivu, unampiga picha, daktari anaisoma, anaondoka na plasta yake. Ila ukikaa na picha za mifupa muda mrefu unaanza kuona vitu ambavyo hamna mtu amekuuliza. Unaona huyu aliwahi kuumwa sana akiwa mdogo. Huyu mkono wake wa kulia umeshiba kuliko wa kushoto, lazima ana kazi ya mkono mmoja. Na nimekuja kuamini jambo moja ambalo ndo limenifanya niandike, kwamba ile michezo yetu ya zamani, ile ya bure ya matope na waya na migomba ambayo kila tukikaa wa rika letu tunaisikitikia kuwa imepotea, haijapotea yote. Imebaki kwenye mifupa yetu, na sidhani kama kuna sehemu nyingine ilikobaki.

Nimekulia Arumeru, chini ya mlima Meru, kwenye migomba na kahawa. Kwetu hamna mtoto aliyekuwa ananunuliwa mdoli wa dukani. Kaka yangu ninayemfuata alikuwa fundi wa magari ya waya na naweza kukuelezea mpaka leo alivyokuwa anayatengeneza maana nilikuwa namshikia. Waya alikuwa anaokota kwenye fensi zilizokufa za mashamba ya kahawa, anaulaza juu ya jiwe bapa anaugonga na jiwe lingine huku anauzungusha mpaka unyooke. Alafu chasisi kwanza. Watoto waliokuwa na haraka walikuwa wanaanza na bodi, gari likija kutembea linapinda linaenda upande, yeye alikuwa anasema bodi ni nguo tu, anaanza na chasisi na ekseli mbili, akimaliza anaisukuma kwa kidole kwenye sakafu kuona kama inaenda moja kwa moja ndo anaendelea. Magurudumu ni ndala zilizochoka, anaweka mdomo wa kopo juu ya ndala anachora kwa mkaa, alafu anakata kwa wembe, na siri ilikuwa ni kuzungusha ndala, wembe unabaki umetulia, hapo gurudumu linatoka duara kamili. Usukani ni waya mmoja mrefu unaotoka ekseli ya mbele umefungwa kwenye fimbo ya mkahawa mpaka unafika kifuani kwa dereva, kwa hiyo unakimbia nyuma ya gari ukiwa umesimama wima, ukikata kona tairi za mbele zinakata kweli. Nyuma aliweka madflepu za nailoni. Mlio wa injini alikuwa anautoa mwenyewe kwa mdomo, na gia zote anabadilisha, kwenye mlima wa kwenda kwa bibi alikuwa anaingiza namba moja kabisa.

Sisi wasichana tulikuwa na mtoto wa hindi. Unachukua hindi changa, lile lenye nywele ndefu bado laini, unamsuka mistari miwili mitatu, unamfunga kitambaa unambeba mgongoni. Siku mbili nywele zimekauka, mtoto amekufa, unalia kidogo kweli kabisa alafu unaenda kutafuta mwingine, na mama akikukamata unapigwa maana hicho ni chakula. Kuna mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba za mgomba huo huo, ukilowa na mvua unakuwa mzito unaumiza vidole vya miguu lakini haturudi nyumbani. Kuna kuteleza, unakata gome la shina la mgomba, lile la ndani linaloteleza, mnakaa wawili watatu mnashuka nalo kwenye mteremko wa majani mpaka chini mtoni. Kuna rede, wawili wanarusha mpira wa soksi na wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Kuna kuruka kamba, kuna kombolela siku za mbalamwezi.

Na mdako. Shimo dogo, vijiwe, na jiwe moja la kurusha. Unalirusha juu, kabla halijarudi mkono huo huo umeshachota vijiwe nje ya shimo, unalidaka, unalirusha tena unavirudisha vyote unaacha kimoja. Mkono mmoja tu. Tulikuwa tunachuchumaa kwenye shimo asubuhi nzima, visigino vimekaa chini flati, magoti yanagusa mabega, na hamna aliyekuwa anaumia miguu.

Sasa fikiria vile vitu vyote viko wapi. Gari la kaka lilipata kutu likarudi udongo. Mpira wa migomba haukai hata msimu mmoja. Mtoto wa hindi tumeshasema. Hawa wanaochimba vitu vya kale, wakija kuchimba kijiji chetu miaka elfu mbili ijayo hawatakuta hata kitu kimoja cha watoto, watakuta masufuria na vigae vya chupa watasema hapa waliishi watu wazima. Kule Mohenjo-daro, bonde la mto Indus kwenye Pakistani ya leo, vimekutwa vigari vidogo vya kukokotwa na ng'ombe vya miaka zaidi ya 4,000 na vinajulikana leo kwa sababu moja tu, vilifinyangwa kwa udongo vikachomwa moto. Wagiriki na Warumi wa kale watoto wao walikuwa wanarusha na kudaka vifupa vya kifundo cha mguu cha mbuzi na kondoo, ni ndugu kabisa wa mdako wetu, na wenyewe unajulikana kwa sababu mfupa haufi haraka. Aliyechezea jani, mti, kitambaa, hana ushahidi. Na nina uhakika watoto wengi wa dunia tangu mwanzo walichezea jani, mti na kitambaa.

Hapa ndo huwa namfikiria mtoto wa Panga ya Saidi. Ni pango liko Kilifi, pwani ya Kenya, na mwaka 2021 watafiti wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza wamekuta kaburi la mtoto wa miaka kama 78,000 iliyopita. Mpaka wanatangaza ilikuwa hamna kaburi la binadamu wa aina yetu lililojulikana Afrika lililokuwa la zamani kuliko hilo. Wakampa jina Mtoto, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga, ikabidi wakate bonge zima la udongo walifunge plasta, likapelekwa Nairobi alafu Hispania wakaenda kuchokonoa humo taratibu maabara. Meno yakaonyesha alikuwa na miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuja kifuani. Shingo na kichwa vilikuwa vimeegemea namna ambayo inatokea kama chini ya kichwa kulikuwa na kitu laini, mto fulani, kikaoza kichwa kikashuka. Na namna mifupa ya juu ilivyobaki mahali pake inaonyesha mwili ulikuwa umefungwa na kitu, ngozi au majani, kabla ya kuzikwa.

Mimi niliisoma hiyo habari nikanyamaza muda mrefu. Nimefunga watoto wengi kwenye shuka kwa ajili ya picha na najua uzito wa mtoto wa miaka mitatu ulivyo. Mtu alimwekea mtoto mto wa kulalia. Hicho kitu laini hakipo tena ila mifupa imekisema, kwa jinsi ilivyolala tu. Mtoto wa umri ule lazima alikuwa na kitu anachokivuta au anachokibeba, hilo ni wazo langu tu, na hicho nacho hakipo.

Ila kuna kitu kingine mifupa inasema, kinahusu mwili ulikuwa unafanya nini kila siku. Mfupa mtu anaudhani ni jiwe, kumbe unaishi, unabomolewa na kujengwa muda wote, na unajengwa zaidi pale unapopata mzigo. Daktari mmoja Mjerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo tangu 1892. Mtu anayechuchumaa sana tangu utotoni, mfupa wa muundi kwa chini unakuja kukutana na mfupa wa kifundo kwa mbele, na pale vinapokutana vinatengeneza kijisehemu laini kilichosuguliwa, wanaosoma mifupa mikavu wakikiona wanajua huyu alikuwa anakaa kwa kuchuchumaa, hakuwa mtu wa kiti. Kwa hiyo zile asubuhi za mdako zipo. Ziko kwenye vifundo vyetu vya miguu, mimi na wenzangu wote tuliokuwa tunazunguka lile shimo.

Kule Abu Hureyra nchini Syria walichimba kijiji cha wakulima wa kwanza kwanza wa nafaka, mtafiti mmoja, Theya Molleson, akaiangalia mifupa ya wanawake akakuta vidole gumba vya miguu vimeliwa kwenye maungio, magoti yana alama, uti wa mgongo kwa chini umeumia. Akaunganisha na mawe ya kusagia yaliyokutwa pale. Mwanamke anapiga magoti, vidole vya miguu vimekunjwa chini yake, anasukuma jiwe kwa uzito wa mwili wote mbele nyuma saa nyingi kila siku. Niliposoma nikamwona bibi yangu mzaa baba moja kwa moja. Jiwe lake la kusagia ulezi lilikuwa jikoni mpaka anafariki, na alikuwa anapiga magoti vile vile, na vidole vyake gumba vya miguu vilikuwa vimevimba kwenye fundo, sisi tulikuwa tunadhani ni uzee. Hakuna aliyewahi kuupiga picha mguu wa bibi. Ningetamani sana kuiona hiyo picha.

Turudi kwa watoto maana hapo ndo penye utamu. Mfupa unasikia mzigo kuliko wakati mwingine wowote kabla na wakati wa kubalehe. Kuna utafiti maarufu wa Finland wa wanawake wanaocheza tenisi, walipima mkono unaoshika raketi wakalinganisha na mkono mwingine wa mtu huyo huyo. Wale walioanza kucheza kabla hawajavunja ungo, tofauti ya mkono na mkono ilikuwa mara mbili au zaidi ya tofauti ya wale walioanza ukubwani. Mazoezi yale yale ila mfupa wa ukubwani umeshachelewa kusikia. Na kule Oregon, Marekani, kuna utafiti ulitoka 2001, watoto wadogo wa shule ya msingi waliambiwa waruke kutoka kwenye boksi, mara 100, siku 3 kwa wiki, kwa miezi 7, na wenzao wakafanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Walioruka, shingo ya mfupa wa paja ilipata madini zaidi ya wenzao kwa asilimia 4.5. Shingo ya paja ndo ile wazee wakianguka bafuni inavunjika.

Kuruka mara 100! Sisi kamba tulikuwa tunaruka mpaka mtu akosee, alafu unapokezana, alafu tena, na kwenye rede unaruka, na kwenye kushuka mtoni unaruka mifereji. Hamna mtu aliyekuwa anatuhesabia. Karibu asilimia 90 ya mfupa wa mtu anakuwa ameshaupata akifika miaka 18 mpaka 20, baada ya hapo unatunza tu ulichonacho na baadae unapungua. Kwa hiyo mama mmoja akiniambia pale kwenye benchi kwamba mwanae anamchosha kwa kuruka ruka kwenye makochi huwa namwambia mama yangu muache, mtoe nje mpe kamba.

Kuna meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama 1545 na ikaja kuinuliwa 1982, ndani kulikuwa na mifupa ya mabaharia na wapiga mishale. Ncha ya mfupa wa bega kwa kawaida inaungana na mfupa wenyewe mtu akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Kwenye ile meli wanaume wengi kuliko kawaida ncha ilikuwa haijaungana kabisa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba walianza kuvuta upinde mzito tangu wakiwa watoto, misuli ikawa inavuta pale kila siku mpaka mfupa ukakosa nafasi ya kuungana. Kwao upinde ulianzia kwenye mchezo wa watoto ukaja kuwa kazi.

Hii habari ya mifupa kuungana ndo inaniletea pia wageni wa ajabu kazini. Anakuja mtu na kijana, anasema mdogo wangu anataka kwenda kucheza mpira timu ya vijana chini ya miaka 17, tunaomba umpige picha ya mkono utuandikie ana 16. Sipigi. Mionzi haipigwi kwa kuombana. Ila wenye mpira wao wanapima wenyewe, FIFA walianza kutumia kipimo cha MRI, picha isiyotumia mionzi, cha kifundo cha mkono kwenye kombe la dunia la vijana lililochezwa Nigeria 2009, kijana mwenye mstari wa ukuaji, pale mfupa unaporefukia, uliofungwa kabisa kwenye kifundo anaambiwa wewe kijeba rudi nyumbani. Mfupa haujui cheti cha kuzaliwa. Ni njia hiyo hiyo iliyotumika kwa yule mvulana wa Turkana, binadamu wa kale wa kaskazini mwa Kenya, yule ambaye Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale Mkenya, aliona kipande chake cha fuvu mwaka 1984 pale Nariokotome, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu. Alikuwa na urefu wa mtu mzima, karibu mita moja na sentimita 60, lakini ncha za mifupa zilikuwa bado hazijaungana na meno ya ukubwani bado hayajatimia, ndo ikajulikana ni mtoto huyu, mrefu tu.

Lakini niseme na upande mwingine, maana mfupa haumsemi mtoto anaekula vizuri tu. Picha za kulinganishia umri wa mikono ambazo zinatumika sana zilipigwa kwa watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, kuanzia miaka ya 1930. Mtoto wa kwetu aliyekosa chakula mkono wake unachelewa, anaweza kuwa na 14 mkono unasema 12. Ndo maana mimi neno la mkono huwa nalichukua kwa adabu, nalisema ni makisio. Na kuna ile mistari myeupe ya kukatiza kwenye muundi kwa chini, midogo, inapita kama mtu kachora kwa rula. Hapo ukuaji ulisimama kwanza, alafu ukaanza tena. Inaweza kuwa surua, inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa malaria kali. Naiona hiyo mistari kwa watoto wanaoletwa kwa kitu kingine kabisa, ameteguka mpirani, na mama yake nje anasema huyu hajawahi kuumwa. Simbishii. Na kuna matege, mtoto aliyefungiwa ndani hapati jua, au chakula hakina madini ya kutosha, mfupa unakosa ugumu na akianza kutembea unapinda kwa uzito wake mwenyewe. Tunaosema zamani tulikuwa wagumu tukumbuke na waliopinda walikuwepo, na wengine hawakukua.

Kwetu sisi Arumeru alama kubwa iko wazi mtu akicheka. Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkano, yana floraidi nyingi, kuna sehemu inaitwa Maji ya Chai na ukienda utaelewa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kwetu maji mengi yanapita hapo kwa mbali. Na magadi tunayopikia makande nayo yanaongeza. Jino la ukubwani linatengenezwa ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, mpaka miaka 8 hivi yale ya mbele yanakuwa yameshakamilika, na tofauti na mfupa, enameli, lile ganda gumu la juu la jino, ikishatengenezwa haijengwi upya tena mpaka unakufa. Kwa hiyo mtu mzima akihamia Arusha leo meno hayabadiliki rangi, lakini aliyekunywa yale maji akiwa na miaka mitatu minne anayabeba kahawia maisha yote. Ya kwangu ni hivyo. Nilipoenda chuo Dar kuna mwenzangu aliniuliza mbele za watu kama huwa napiga mswaki, na iliniuma sana, miaka ile nilikuwa nacheka nimeziba mdomo. Sasa hivi sizibi. Wanaosoma mifupa wanatumia meno hayo hayo kujua mtu alikulia wapi, madini ya strontiamu ya ardhi uliyolelewa yanafungiwa kwenye enameli, ndo wanajua huyu kazikwa hapa ila hakukulia hapa. Mimi hata bila maabara, nikiona mtu anacheka kwenye daladala najua huyu ni wa nyumbani, tumecheza mavumbi yale yale.

Lakini floraidi ikizidi sana haiishii kwenye meno. Inaingia mifupani, mifupa inakuwa mizito kwenye picha, myeupe kupita kawaida, ila haina nguvu, maungio yanakakamaa, na kuna watoto miguu inapinda magoti yanagongana. Hao hawachezi mdako. Hawawezi kuchuchumaa. Kwangu hili ndo la kuuma kuliko yote, maana unakuta kijiji kile kile, migomba ile ile, mmoja mfupa wake umeandika kucheza na mwingine umeandika maji.

Na dawa iliyopatikana kwetu inatoka kwenye mifupa pia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na njia waliyoifanyia kazi sana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye moto wenye hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa, inasagwa vipande vipande vidogo, inawekwa kwenye ndoo, maji yanapita humo. Madini yanayojenga mfupa yanaipenda floraidi, inakamatika, ndo maana inajaa kwenye meno na mifupa ya watoto wetu, sasa hapa inakamatwa na mfupa wa ng'ombe kwanza kabla maji hayajafika kwa mtoto. Dada yangu anayo ndoo hiyo jikoni. Binti yake meno ya mbele ya ukubwani yameshatoka, meupe, ana pengo moja tu la pembeni na anaruka kamba kuliko watoto wote wa ile njia.

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba ule mkaa unachoka. Ukishashika floraidi ya kutosha hausikii tena, maji yanapita nayo yote na kwa macho huwezi kujua, ladha ni ile ile, kwa hiyo kuna muda wa kubadilisha na wanaouza wanatakiwa wakuambie ni lini kulingana na maji ya eneo lako. Na kama mkaa ni wa shida, maji ya mvua hayana floraidi ya kuogopesha, weka bati na simtank. Ya kufulia na kuoga tumia hayo hayo ya bomba hayana shida, mtoto wa chini ya miaka 8 muangalizie ya kunywa na ya kupikia, na uji wake usiuwekee magadi.